Injini Ilivuta Vizuri Kwenye Daino, Mbona Inasumbua Ndani ya Gari?

Umemaliza ovahoo ya injini. Bloku imechongwa, pistoni ni mpya, kamshafti inayofungua vali ni mpya, na injini ilipofungwa kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya injini, ilitoa namba zilizokufanya uikunje karatasi vizuri na kuiweka mahali salama. Leo imo ndani ya gari na visa vimeanza: sailensi (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, ukikanyaga mafuta inapata kigugumizi, ukiizima ikiwa ya moto haiwaki tena. Hapo wengi huchukua bisibisi na kuikimbilia kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Weka hiyo bisibisi chini kwanza.

Karatasi ya daino haijakudanganya. Ila inasimulia habari za chumba kile: maji ya kupozea yasiyoisha, petroli kutoka kwenye chombo safi, umeme wa moja kwa moja toka betri, hewa baridi ambayo huenda haikupita kwenye filta, na eksozi pana. Tena karibu mstari wote wa nguvu huchorwa kipepeo cha kabureta, kibati kinachopitisha hewa unapokanyaga mafuta, kikiwa wazi kabisa, wakati barabarani muda mwingi unaendesha kikiwa wazi robo au chini ya hapo. Kwa hiyo kila dalili iulize hivi: ni nini kilichobadilika kati ya chumba na gari? Na kama hakuna kilichobadilika, je, daino iliwahi kupima hali hii?

Ili uweze kujibu, mwombe aliyeendesha daino akupe kwa maandishi oktani ya petroli iliyotumika, taimingi ya jumla (digrii ambazo cheche hutangulia pistoni kufika juu, adivansi ikiwa imeingia yote) na mizunguko ilipofikia, namba za jeti (vitundu vinavyopima petroli), aina ya plagi, shinikizo la petroli, kama filta ilikuwepo, na kama adivansi ya distributa (inayowahisha cheche mizunguko inapopanda) ilikuwa inafanya kazi au ilifungwa mahali pamoja. Hili la mwisho watu hulisahau, na litarudi hapa chini.

Mwongozo huu ni wa injini za kabureta na distributa. Mpangilio wa kupima ni vyuma kwanza, moto wa plagi pili, petroli mwisho. Sababu ni kwamba moto mbovu hujifanya petroli mbovu, na geji ya kisasa ya mchanganyiko, inayokadiria hewa na petroli kwa sensa ya oksijeni kwenye eksozi, inaweza kukusaidia kudanganyika. Silinda ikimisi, yaani ikikosa kuwaka, oksijeni isiyoungua hupita moja kwa moja kwenye eksozi, sensa inaiona, na geji inasema mchanganyiko ni mwepesi, petroli haitoshi. Unaongeza jeti, plagi zinalowa, inamisi zaidi, geji inazidi kusema mwepesi. Uvujaji wa eksozi kabla ya sensa huleta uongo uleule.

Nguvu za kwenye karatasi hazionekani barabarani

Anza na jambo la aibu. Pedali ikifika sakafuni, kipepeo kinafunguka chote? Mtu akae kwenye usukani akanyage, injini ikiwa imezimwa, nawe utazame kwenye koo la kabureta. Kwenye daino kipepeo kilivutwa na mtambo wenyewe. Ndani ya gari kinategemea kebo ya zamani, zulia jipya lililojaa chini ya pedali, na injini inayotikisika juu ya maunti zake. Niliwahi kumaliza Jumamosi nzima nikibadilisha jeti kwenye injini ya silinda 4, kumbe kipepeo kilikuwa kinaishia robo tatu.

Kama kinafunguka, fuata hewa. Toa filta na urudie barabara ileile kwa gia ileile. Gari likivuta zaidi, filta ni ndogo, au mfuniko wa kasha lake umekaa karibu mno na mdomo wa kabureta. Tafuta kasha bora, usiache injini mpya ivute vumbi.

Halafu eksozi. Funga geji ya vakyumu (nguvu ya injini ya kunyonya) kwenye manifoldi ya hewa na ushikilie mizunguko 2,500 kwa dakika bila mzigo. Mshale ukianza kushuka polepole ilhali mguu haujasogea, gesi hazipati njia ya kutoka: silensa imeoza ndani, bomba limebonyea, au gasketi ya eksozi imewekwa ikaziba nusu ya tundu.

Distributa nayo hutolewa mara nyingi ili injini iingie kwenye gari bila kugonga ukuta, na ikirudishwa kwa kukadiria unaweza kupoteza digrii 5 bila kujua. Pima tena kwa taa ya taimingi hata kama alama za rangi zinalingana.

Na kuna matatizo ambayo si matatizo. Daino ya injini hupima kwenye flaiwili. Daino ya magurudumu hupima baada ya gia boksi, difu na tairi kula sehemu yao. Karatasi hizo mbili hazilinganishwi. Hata kipimo kilekile kikisahihishwa kulingana na hali ya hewa kwa kanuni ya zamani inayoitwa STP husoma takriban asilimia 4 zaidi ya kikisahihishwa kwa kanuni ya SAE J1349. Kama gari lako ni la Marekani la kabla ya mwaka 1972, namba ya kwenye kijitabu chake kwa kawaida ilipimwa injini ikiwa tupu, bila filta wala eksozi ya gari, kwa hiyo usiitumie kumhukumu fundi.

Ukikanyaga ghafla inapata kigugumizi

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na haishangazi. Kwenye kipimo cha kawaida kipepeo hufunguliwa chote na mashine huipandisha injini kutoka mizunguko ya chini hadi ya juu. Ndani ya chumba cha daino hakuna mtu anayeondoka kwenye taa za barabarani. Jeti kuu inaweza kuwa sahihi kabisa huku njia za sailensi na za mpito (kutoka sailensi kwenda jeti kuu) zikiwa hazijaguswa.

Sikiliza namna inavyojikwaa. Kabureta ikipiga chafya, yaani mlipuko mdogo unarudi juu kwenye koo, mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Ikizama kama imemwagiwa maji halafu ikaamka na moshi mweusi, ni mzito. Usipoweza kutofautisha, vuta choki kidogo, ili mchanganyiko uwe mzito, injini ikiwa ya moto na urudie. Ikipona, ulikuwa mwepesi. Ikizidi, ulikuwa mzito.

Kinachofuata kinategemea kabureta yako.

Kwenye SU, fungua kifuniko cha juu uangalie oili ya dampa, inayotuliza pistoni ya kabureta. Wakati wa kusafirisha injini kabureta hulazwa, oili inamwagika, na hakuna anayeirudisha. Bila oili hiyo pistoni ya kabureta huruka juu kwa kasi, upepo kwenye jeti unapungua, na petroli inakosekana wakati ule ule unapoihitaji. Oili nyepesi ya SAE 20 hufaa magari mengi. Baada ya hapo jaribu mchanganyiko: injini ikiwa ya moto na iko sailensi, inua pistoni ya kabureta kwa kiasi cha milimita 0.8. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, ni mzito. Ikishuka mara moja na kutaka kuzima, ni mwepesi. Ikipanda kidogo tu kisha ikatulia, usiguse.

Kwenye Weber DCOE kosa la kawaida ni kubadilisha jeti kuu kutibu ugonjwa wa mizunguko 2,000. Hapo chini injini inanyonya kwenye jeti ya sailensi na vitundu vya mpito. Jeti kuu inaanza kazi baadaye, kwenye injini nyingi kuelekea mizunguko 3,000 bila mzigo mkubwa. Unaweza kubadilisha jeti kuu mara tano na kigugumizi kisisogee hata kidogo. Badilisha jeti ya sailensi kwa hatua moja, kisha urekebishe skrubu za mchanganyiko upya, kwa sababu zenyewe hazijui kwamba umebadilisha jeti. Angalia pia pampu ya akseleta: zima injini, sukuma kipepeo, na petroli irushwe papo hapo, si baada ya kusita.

Kwenye Holley, pamoja na pampu, chunguza vali ya nguvu, inayoongeza petroli injini ikibeba mzigo. Namba yake husema ni vakyumu gani inapofunguka: yenye namba 65 hufunguka vakyumu ikishuka chini ya inchi 6.5 za zebaki. Kamshafti kali, inayoziacha vali wazi muda mrefu, hushusha vakyumu ya sailensi, na ikishuka karibu na namba hiyo vali inafunguka hata gari likiwa limesimama, petroli inamwagika na plagi zinalowa. Kanuni ya mkono inayotumika sana ni namba iwe nusu ya vakyumu ya sailensi.

Ila kwa mpangilio wetu, moto hutangulia jeti hizi zote. Kwenye daino bomba la vakyumu la distributa, linalowahisha moto ukiendesha kwa mguu mdogo, mara nyingi hutolewa na kuzibwa, kwa sababu kipepeo kikiwa wazi chote halifanyi kazi yoyote. Kisha injini inaingia kwenye gari na bomba linabaki limezibwa. Matokeo ni gari zito kwa mguu mdogo, linalokula petroli na kupata joto bila sababu. Adivansi hiyo huongeza digrii 10 hivi au zaidi kwa mwendo wa kawaida. Irudishe kabla ya kugusa jeti hata moja.

Ukishamaliza hayo yote ndipo geji ya mchanganyiko ina maana. Kwa kipimo cha petroli, lenga uwiano wa hewa kwa petroli wa 12.5 hadi 13 kipepeo kikiwa wazi chote, 14 hadi 15 kwa mwendo wa kutulia barabarani, na 13 hadi 14 kwa sailensi, mwelekeo wa mzito kidogo kama kamshafti ni kali. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inahitaji petroli zaidi kidogo kwa hewa ileile, lakini sensa husoma oksijeni, si jina la mafuta, kwa hiyo namba unayolenga kwenye skrini haibadiliki. Kinachobadilika ni jeti.

Sailensi haitulii

Injini yenye kamshafti ya kawaida hushikilia inchi 17 hadi 21 za zebaki, mshale ukiwa umetulia. Kamshafti kali itakupa chini ya hapo na mshale unatikisika kidogo; hilo umelinunua mwenyewe. Mshale unaodondoka kwa mpigo mmoja unaorudiarudia ni silinda moja, na mara nyingi ni vali iliyobanwa gepu (nafasi kati ya vali na kinachoisukuma).

Vakyumu ikiwa chini na sailensi iko juu, tafuta hewa ya wizi, inayoingia bila kupita kwenye kabureta. Manifoldi iliyosawazishwa upya, gasketi iliyobanwa ikiwa baridi, bomba la busta ya breki ambalo kwenye daino halikuwepo kabisa. Kaza nati za manifoldi tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa. Kama kabureta ni mbili au zaidi, linganisha mvuto wa hewa kwanza, mchanganyiko baadaye, kamwe si kinyume.

Mlio wa kokoto ndani ya kopo

Sizungumzii kunoki kwa beringi, ambako ni mgongano mzito unaofuata mizunguko. Huu ni mlio mwembamba, wa haraka, unaotokea unapopanda mlima au unapokanyaga mafuta kwenye gia ya juu. Mchanganyiko unalipuka badala ya kuungua. Achia pedali mara moja, kisha utafute sababu ukiwa umesimama, maana pistoni mpya haivumilii hili kwa muda mrefu.

Sababu ya kwanza ni petroli: daino ilitumia oktani ya juu na wewe unaweka ya kawaida. Ya pili ni joto: hewa chini ya boneti ni moto kuliko hewa ya chumba. Ya tatu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu taa ya taimingi yenyewe inashiriki kwenye uongo. Puli ya krenki ya injini nyingi za zamani ina pete ya nje iliyoshikwa kwa mpira. Mpira ukizeeka pete inateleza, na alama ya taimingi inahama nayo. Unasoma digrii 34 huku injini ikipata 42. Toa plagi ya silinda ya kwanza, funga kizuizi cha pistoni, zungusha krenki kwa mkono pande zote mbili hadi iguse, na uweke alama kila upande. Katikati ya alama hizo ndipo pistoni ilipo juu kabisa, na alama ya sifuri inapaswa kuwa hapo hapo.

Alama ikiwa ya kweli, pima taimingi ya jumla bomba la vakyumu likiwa limetolewa. Injini nyingi za zamani hupendezwa na digrii 30 hadi 36 ifikapo mizunguko 3,000 hivi, lakini namba ya daino yako ndiyo mwanzo. Chelewesha moto digrii 2, jaribu mlima uleule. Ukiona unahitaji kuchelewesha 6 ili mlio uishe, usiridhike. Umeficha tatizo, na eksozi itaanza kuwa nyekundu. Rudi kwenye mchanganyiko na kwenye plagi zenye joto lisilofaa. Na ukiona vipunje vidogo vya aluminiamu kwenye kauri ya plagi, usiwashe tena hadi umetazama ndani ya silinda.

Inamisi mizunguko ikipanda

Tofautisha kukatika na kufifia. Moto ukikosekana, injini inakatika ghafla kama swichi. Petroli ikikosekana, inafifia sekunde chache baada ya kuanza kuvuta, ukiachia kidogo inarudi.

Kwa kukatika, pima volti kwenye koili, inayozalisha umeme mkubwa wa plagi, injini ikiwa inafanya kazi na taa za gari zimewashwa. Kwenye daino koili ilikula toka betri; hapa umeme unapita kwenye swichi ya ufunguo iliyochoka na waya wa miaka mingi. Hakikisha pia koili na rezista vinaendana: koili ya omu 1.5 iliyotengenezwa kwa rezista ikifungwa bila rezista huchoma platini (kontakti za distributa), na ya omu 3 ikifungwa nyuma ya rezista hutoa cheche dhaifu. Gepu ya platini ya injini nyingi ni milimita 0.35 hadi 0.40, lakini kama bushi ya distributa imelika gepu hiyo inabadilika kila mzunguko, na hakuna marekebisho yatakayokaa. Kwenye V8 ya Chevrolet yenye mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, tenganisha waya za silinda 5 na 7: zinawaka zikifuatana na zimekaa jirani, na moto huruka kutoka moja kwenda nyingine.

Kwa kufifia, fungua kifuniko cha tangi dalili inapotokea. Ukisikia linavuta pumzi, tundu la hewa limeziba. Vinginevyo funga geji ya shinikizo la petroli uiweke mahali unapoiona ukiendesha. SU huridhika na psi 1.5 hadi 3, Weber DCOE psi 2.5 hadi 3.5, Holley psi 5 hadi 7. Kutu ya tangi la zamani huziba filta mpya ndani ya siku chache.

Ikizimwa ya moto haiwaki

Stata ikizunguka polepole, tafuta athi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Umepaka rangi injini, umepaka rangi chasisi, na sasa utepe wa athi umekazwa juu ya rangi. Pima volti kati ya bloku na ncha hasi ya betri unapopiga stata: zaidi ya nusu volti, kwangua rangi. Kebo ya akseleta inayopata moto wakati wa kuwasha ni ushahidi uleule: umeme unarudi kwa kupitia humo.

Stata ikizunguka kisha ikapigwa teke kurudi nyuma, moto unawahi mno. Hapo ndipo lile swali la distributa iliyofungwa linaporudi: wengine hufunga adivansi kwenye digrii za jumla ili daino ipime bila kuyumba, na inaingia kwenye gari hivyohivyo.

Stata ikizunguka vizuri bila kuwaka, petroli imechemka kwenye bakuli la kabureta na kulowesha manifoldi. Kanyaga pedali hadi chini na uishikilie bila kupampu. Ikiwaka hivyo, weka spesa isiyopitisha joto chini ya kabureta na uhamishe bomba la petroli mbali na eksozi.

Inachemsha

Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ukiondoka, ni upepo: feni, kava lake, au feni iliyofungwa kinyume. Ikichemsha kwa mwendo mrefu, ni mtiririko: rejeta, bomba la chini linalojinyonya, au moto unaochelewa. Hewa iliyonaswa hedini hutokea sana mara baada ya kufunga injini.

Mlio wa tapeti na gepu zinazohama

Baada ya kukaza hedi upya, pima gepu za vali zote na uziandike, kisha pima tena baada ya kilomita mia chache. Mwelekeo wa namba ni muhimu kuliko namba yenyewe. Gepu zinazopungua, hasa upande wa eksozi, zinaonyesha viti vya vali vinazama. Injini iliyoundwa enzi za petroli yenye risasi inahitaji viti vigumu.

Gepu inayokua kwa vali moja tu, pamoja na silinda hiyo kupoteza nguvu kidogo kidogo, ni mbaya zaidi. Kamshafti ya tapeti bapa (vipande vinavyosukumwa na lobu, yaani nundu za kamshafti) inayozungushwa bila oili yenye zinki ya kutosha, au iliyoachwa kwenye sailensi dakika zake za mwanzo badala ya kushikiliwa mizunguko 2,000 hadi 2,500, hulika pua ya lobu moja. Funga dayal geji juu ya roka ya kila vali, zungusha krenki kwa mkono, ulinganishe mnyanyuko. Moja ikiwa chini ya wenzake, shusha oili na ukate filta yake kwa msumeno. Ukikuta unga wa chuma unaometa kwenye mikunjo ya karatasi, usirekebishe kitu kingine; injini inatoka tena.